Ngozi Yangu Haikupasuka

Kama una mgonjwa nyumbani asiyeweza kujigeuza kitandani, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Na kama mgonjwa ni wewe mwenyewe, mwombe mtu akusomee. Mimi nilikuwa mgonjwa wa aina hiyo kuanzia mvua za Aprili hadi jua kali la Februari iliyofuata, na kwa muda huo wote ngozi yangu haikupasuka hata mahali pa ukubwa wa shilingi. Waulize wanaojua kazi ya uuguzi, watakuambia hilo si jambo dogo.

Ni vizuri unijue kwanza. Naitwa Mutuma, mzaliwa wa Ruiri. Baba yangu alikuwa kibarua katika mashamba ya ngano ya Timau na alipofariki hakuacha kitu. Diploma yangu ya uuguzi nilijilipia mwenyewe kwa kuuza viazi kando ya barabara. Baadaye nilikwenda Uingereza, nikafanya kazi katika makao ya wazee mpaka nikawa kiongozi wa zamu, nikiwaelekeza watu waliozaliwa hukohuko. Niliporudi nilijenga nyumba ya mawe ambayo mtu anayetoka upande wa Isiolo huiona kabla hajaiona Ruiri yenyewe. Nilikuwa napanga kufungua chuo kidogo cha kufundisha watu kuhudumia wagonjwa. Hayo yote nayasema kwa sababu ugonjwa wangu haukumkuta mtu asiyejua kitu.

Ulianzia miguuni. Nilikuwa napanda mahindi, nikahisi kama nimevaa soksi nene ndani ya gambuti. Siku iliyofuata nilishindwa kupanda ngazi tatu za baraza langu. Mpaka mwisho wa juma magoti yalikuwa yamekufa, kisha mapaja, kisha mikono. Jina la ugonjwa huo ni refu, ni majina ya madaktari wa Ufaransa, na halitakusaidia kitu ukiwa kitandani. Jua tu kwamba unapanda polepole kutoka nyayoni, unakaa, halafu kwa wengi unashuka polepole zaidi.

Mke wangu Kagendo ni mwalimu katika shule moja karibu na Kiambere, na bima yetu ya matibabu inatokana na kazi yake. Ndiyo maana nililazwa hospitali moja kubwa mjini Embu badala ya Meru, ili aweze kunifikia. Siku ya kwanza tulikaa mapokezini tangu asubuhi. Nilikuwa nimefungwa kwa leso kwenye kiti cha magurudumu nisiteleze. Mzee mmoja wa Mbeere aliyekuwa kando yangu alinitazama, akavua koti lake, akalikunja na kuliweka chini ya makalio yangu bila kuniuliza. Alipoitwa akainuka na kuingia kwa daktari na shati tu. Sikumwona tena, na koti hilo bado ninalo.

Wodini nililala chali nikitazama dari. Uso nao ulilegea, jicho la kushoto likawa halifungi, na usiku walilifunga kwa plasta lisikauke. Shuka ikinigusa vidoleni niliona kama imepashwa moto. Mapaja yangu, ambayo yalikuwa mapaja ya mtu aliyebeba magunia, yalikonda mpaka Kagendo akawa anaweza kulizungusha moja kwa viganja vyake. Nilitundikiwa dawa mshipani, siku ya kwanza, ya pili, na kuendelea, na baada ya hapo kazi ilikuwa kungoja.

Sasa sikiliza. Mtu anayengoja hivyo huuawa na mambo madogo. Mdomo ukikauka, hali chakula. Asipokula, ngozi inakuwa nyembamba. Akiachwa upande mmoja, pale mfupa unapokaribia godoro nyama hubanwa, damu haipiti, na panaanza kuoza toka ndani. Ukikiona kidonda, tayari kimekuwa shimo. Nimewaosha wazee wenye mashimo ambayo ngumi ingeingia. Daktari alimweleza Kagendo jambo ambalo mimi nililijua tayari: mgongo huu ukipasuka, mazoezi ya viungo yanasimama, homa inaingia, na pengine mtu haamki tena. Miguu ingerudi yenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuilinda ngozi mpaka miguu irudi.

Basi nilitumia kitu pekee kilichokuwa bado kinafanya kazi, mdomo. Wauguzi walikuwa wachache na vitanda vingi, sikuwalaumu, lakini nilidai haki yangu. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Shuka inyooshwe isiwe na mkunjo. Kichwa kiinuliwe kabla sijapewa uji, la sivyo uji utaingia mapafuni. Waliniita Bwana Diploma, nami niliitika. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alikuwa akija kwangu baada ya kazi zake kunisafisha kinywa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, na huku akinifanyia ananihoji kwa nini hivi na kwa nini vile. Ladha ya ule mdomo safi siwezi kukueleza. Niliiona asubuhi kuwa ni asubuhi.

Baridi ya Julai ilipokaza, waliniruhusu kwenda nyumbani. Ugonjwa ulikuwa umesimama, haupandi wala haushuki. Na hapo ndipo shida ikaanza, kwa sababu swali lilikuwa moja tu: nani atanigeuza?

Kagendo hangeweza kuacha kazi, maana tungepoteza bima. Binti yetu Makena yuko shule ya bweni. Tulimwajiri bwana mmoja, lakini aliniburura kwa makwapa kama gunia, ngozi ikikwaruzwa na shuka, nikamwambia arudi kwao kabla ya chakula cha mchana. Akabaki mama yangu. Mama ana nguvu, analima, anakama ng'ombe. Lakini kwetu, mvulana akishatahiriwa, mama yake haingii tena mahali anapolala, na kitanda chake hakigusi kabisa. Vijana wa mjini wanacheka jambo hilo. Mama hacheki. Mchungaji alikuja akamweleza kwa upole kwamba si dhambi. Mama alimjibu kwamba hakuwa ameuliza kuhusu dhambi.

Nami sikumlaumu. Nimeosha wanaume na wanawake wa kila namna ughaibuni, lakini nilipofikiria mama yangu akiniona nilivyo, nilitamani plasta ya jicho wanibandikie yote mawili.

Aliyepata jibu ni Kagendo. Alimpigia simu Muriungi.

Muriungi ni dalali wa mifugo, huchukua mbuzi na kondoo akawauzia wenye bucha wa Majengo, mjini Meru. Nilipotahiriwa, yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wangu. Kila mvulana hupewa mmoja, mkubwa wake kidogo, ambaye hukaa naye kibandani mpaka apone, akimlisha, akimwosha, akimfundisha. Mtu aliyekuuguza hapo hakuna siri ya mwili wako anayokatazwa kuiona mpaka mnakufa. Tulikuwa tumepita miaka tukisalimiana tu kwa mbali. Aliingia chumbani na fimbo yake ya mifugo, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nilikuosha ukiwa kijana unalia," akasema. "Nikadhani nimemaliza."

"Sikulia."

"Ulilia, bwana. Ulimwita mpaka shangazi yako."

Akaisimamisha fimbo kando ya dirisha, akakunja mikono ya shati.

Nilimfundisha kuanzia mwanzo. Usimvute mgonjwa mwenyewe, vuta shuka. Unakunja shuka moja mara mbili, unailaza kwa upana chini yake kutoka mabegani hadi mapajani, na ncha zake zinabaki nje pande zote. Ukitaka alale ubavu, unamvusha goti moja juu ya jingine, unasimama upande anakotoka, unashika ncha ya shuka, unaweka mguu mmoja mbele, unainua na kusukuma kwa uzito wa mwili wako wote wala si kwa mikono. Anabiringika kama gogo. Kisha mto nyuma ya mgongo asirudi, mto katikati ya magoti yasisuguane. Mara ya kwanza alinibiringisha nikagonga ukuta. Baada ya juma alikuwa akinigeuza huku anaongea kwenye simu na mteja.

Nilimwagiza pia ngozi ya kondoo yenye manyoya marefu, wale wa Timau, iliyolainishwa vizuri. Katika makao ya wazee tulikuwa tunazilaza chini ya wagonjwa kwa sababu hewa hupita na mfupa haugandamizwi. Kwa wenye bucha wa Majengo ngozi hizo zilikuwa zinalundikwa tu nyuma. Akaileta, akaitandika, akakaa kuitazama.

"Watu wanakwenda Ulaya ili waache kulalia ngozi," akasema. "Wewe umekwenda ukarudi unalalia ngozi kama babu yangu."

Mchana alinigeuza, usiku alilala kwenye godoro chini na simu yake ikimwamsha. Na mama alijipatia zamu yake mwenyewe. Aliweka kigoda ukumbini, nje ya mlango wangu, upande wa pili wa pazia, pamoja na redio na beseni la njahi, yale maharagwe meusi, au mahindi ya kupukuchua. Nilikuwa nimesema nigeuzwe kila saa mbili, naye akawa anahesabu kwa taarifa za habari za kila saa. Habari moja inapita, ya pili ikisomwa anaita kutoka huko huko:

"Mutuma, habari zimesomwa. Umegeuzwa?"

Hakukosa. Akienda kukama, redio aliibeba mpaka zizini, na nilisikia sauti yake ikitokea kwa ng'ombe.

Ijumaa jioni Kagendo aliwasili kutoka Kiambere akiwa na vumbi la njia nzima, na mwanzoni nilimpa kazi mara tu alipoweka mkoba chini. Kisigino hiki, mto ule, si hivyo, hivi. Jumamosi moja aliiacha shuka katikati ya kugeuza, nikabaki nimeinama nusu.

"Baba Makena, mimi si mtu wa zamu yako," akasema. "Wiki nzima nafundisha. Nikija hapa nataka mume."

Muriungi alimalizia kunigeuza, akatoka kwenda kutazama mbuzi ambao hawakuwepo. Tulipanga upya. Siku ambazo Kagendo yupo, hashiki shuka wala beseni. Anaketi kando yangu, tunakula sahani moja, ananilisha kama wake wengine wanavyowalisha waume zao siku ya harusi, ananieleza ya shuleni. Ukiwa na mtu mwingine yeyote wa kumwosha mgonjwa wako, mwachie. Wewe baki mke, au mume. Mgonjwa ana wauguzi wa kutosha, lakini mwenzi ni mmoja.

Septemba vidole vya mikono viliamka. Niliweza kushika kijiko kwa ngumi kama mtoto. Oktoba mvua zikaja na mtaalamu wa viungo kule Embu akasema mabega yanarudi. Nilifurahi mapema. Wiki hizo nilikaa muda mrefu nikiwa nimeinuliwa ili nifanye mazoezi, na Muriungi aliponiosha asubuhi moja aliniambia kuna wekundu chini ya uti wa mgongo, juu tu ya makalio. Nikamwambia abonyeze kwa kidole kisha aachie. Pakiwa peupe halafu pakarudi pekundu, ngozi bado iko hai. Pakibaki pekundu tu, kidonda kiko njiani.

"Panabaki," akasema.

Nikaamuru kwamba nisilale chali tena hata kidogo, kushoto na kulia tu.

Siku tatu au nne baadaye kulikuwa na mazishi ya mzee wa jirani, na wanaume wote wa karibu walikuwa huko. Muriungi alibaki na mimi. Alikuwa amenilaza chali mara moja tu ili anipe chai, kichwa kikiwa juu, aliposikia simu. Mbuzi aliokuwa amewaacha na mwenzake ng'ambo ya korongo walikuwa wamepatwa na maji. Walikuwa mbuzi wa watu. Nilimwambia akimbie, atanigeuza akirudi, ni karibu. Akatoka mbio akaacha hata fimbo. Alipokuwa tayari ameshavuka, korongo lilijaa.

Mvua ilipiga bati mpaka redio ikasikika kwa shida. Habari zikasomwa.

"Umegeuzwa?"

"Bado, Mama. Muriungi ametoka."

Nilijaribu kujigeuza. Mabega yalikwenda, kiuno hakikwenda. Nilichofanya ni kuisugua ile sehemu mbaya, nikaacha. Sikuhisi maumivu makali pale, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu najua mahali panapokufa huwa hapasemi. Niliwaona wazee wangu wa kule Uingereza mmoja mmoja, na mashimo yao. Miezi yote ile ya kungoja, Kagendo na barabara ya Kiambere, Muriungi na biashara yake aliyoiacha ikidorora, ingekwisha kwa ajili ya chai.

Habari zikasomwa tena, na tena. Mara ya pili mama aliuliza nikamjibu bado. Akaniambia simu ya Muriungi haishikwi, na kwamba hakuna mwanaume aliyerudi kutoka mazishini, njia imefungwa pande zote. Mara ya tatu hakuuliza. Nilisikia mahindi yakiacha kuanguka kwenye beseni.

"Hiyo shuka mnayovuta," akasema. "Ncha yake iko upande gani?"

"Iko pande zote mbili."

"Upande wa mlango ipo?"

"Ipo, Mama."

Kisha akauliza kama mtu anayeishika analazimika kugusa kitanda. Nilimwambia halazimiki, anashika shuka tu, na mimi nimefunikwa vizuri.

Pazia likafunguka. Mama aliingia na leso kichwani, macho yake yakiwa yametazama dirisha juu ya kichwa changu, akatembea ubavuubavu mpaka mguu wake ukafika karibu na kitanda. Akapapasa hewani mpaka akaipata ncha ya shuka. Nilikunja mikono kifuani, lakini goti sikuweza kulivusha. Nikaanza kumwelekeza: mguu mmoja mbele, mgongo usipinde, tumia uzito wa mwili.

"Nyamaza," akasema. "Nimekusikia ukimwambia Muriungi tangu mahindi yakiwa shambani."

Akainua na kusukuma mara moja. Nikaenda kama gogo, nikatua ubavuni, uso ukatazama ukuta. Niliusikia mgongo wangu ukipata hewa.

"Sasa mto," nikamwambia. "Nyuma ya mgongo. La sivyo nitarudi."

Mto ulikuwa kitandani. Nilisikia anawaza. Kisha nilisikia fimbo ikichukuliwa kutoka dirishani, na mto ukaanza kusukumwa nyuma yangu kwa ncha ya fimbo ya mifugo, kidogo kidogo, kwa uangalifu, kama anayemhimiza ndama kuingia zizini. Ukakaa sawasawa. Watu wa zamu yangu kule Uingereza hawakuweka mto vizuri kuliko ule.

Akatoka. Kutoka upande wa pili wa pazia akasema, "Kitanda sikukigusa."

"Hukukigusa, Mama."

"Na wewe sikukugusa."

"Hukunigusa."

Mahindi yakaanza tena kuanguka kwenye beseni.

Muriungi alifika jioni, matope hadi kiunoni, mbuzi wawili wakiwa wamekwenda na maji. Aliingia chumbani mbio, akanikuta ubavuni na mto mgongoni. Akauliza ni nani. Mama alijibu kutoka ukumbini kwamba ni shuka. Muriungi akaitazama fimbo yake, ambayo sasa ilikuwa upande mwingine wa chumba. Akanifunua mgongo, akabonyeza. Alibonyeza mara nyingi kuliko nilivyomfundisha.

"Panakuwa peupe," akasema. "Halafu panarudi."

Baada ya siku hiyo nilikuwa na wageuzaji wawili. Muriungi akitoka, mama anaingia akitazama dirisha, anashika ncha ya shuka, anatoka. Ile fimbo ilibaki chumbani kwa kazi hiyo na Muriungi akajikatia nyingine.

Mwezi wa Desemba, nilipopelekwa Embu kutazamwa, daktari alinigeuza kifudifudi akakaa akiutazama mgongo. Akawaita vijana aliokuwa akiwafundisha waje waone. Akauliza nilikuwa nimelazwa wapi miezi hiyo yote, nikamwambia Ruiri, nyumbani kwangu. Akauliza muuguzi wangu ana cheti gani. Nikamwambia mimi ndiye mwenye diploma, nao walionigeuza walikuwa mikono yangu. Yule mwanafunzi aliyekuwa akinisafisha kinywa alikuwepo, akacheka, na nadhani alikuwa ndiye pekee aliyeelewa kwamba sikuwa natania.

Sasa natembea na mkongojo mmoja, na kwenye baraza langu ngazi tatu nazipanda. Chuo nimekifungua katika vyumba viwili nyuma ya nyumba. Somo la kwanza ni shuka.

Lakini ninayotaka umalizie nayo ni siku moja ya Februari. Jua lilikuwa kali, Muriungi amekwenda Majengo, mama yuko kwenye kigoda chake. Nilikuwa nimelala upande wa kulia tangu alipokuja mara ya mwisho. Nilishika ubao wa kitanda, nikavuta, nikalikaza goti, na kiuno, ambacho kwa miezi kilikuwa mzigo wa watu wengine, kikaja. Kilikuja polepole, kikasimama katikati, kikaja tena. Nikajikuta natazama pazia la mlango badala ya ukuta. Mto nikauvuta mwenyewe. Nikalala pale nikihema, sikumwita mtu.

Redio ikasoma habari.

"Mutuma," mama akaita. "Habari zimesomwa. Umegeuzwa?"

"Nimejigeuza."

Nilingoja aseme kitu. Nikasikia kigoda kikisogezwa, kisha nikamsikia akizima redio.